Tuma, Tumikia, Utumishi: Wajibu wa Posta kwa Umma na Ushahidi wa Lugha ya Kiswahili

1.0 Utangulizi



Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona kwamba mhadhara wa umma katika taaluma za Kiswahili unahusu posta. Kwa desturi posta huzungumzwa na wachumi, wanasheria na wahandisi wa mawasiliano, na mwanaisimu huitwa mwishoni, pale istilahi zinapohitajika. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba swali kubwa linaloikabili posta ya taifa ni swali la maana, na kwa sababu hiyo linatuhusu tangu mwanzo. Swali lenyewe ni hili: iwapo barua za kawaida zinapungua mwaka hadi mwaka, je, wajibu wa posta kwa umma nao unapungua, au unabaki palepale?

Hoja nitakayoitetea ni kwamba wajibu huo haukuwa kamwe kubeba karatasi. Karatasi ilikuwa chombo tu. Wajibu wenyewe ulikuwa, na ungali, kuhakikisha kwamba kila mtu, popote aishipo, anaweza kufikiwa. Kwamba anafikiwa kwa bei ileile anayofikiwa nayo mwenzake. Na kwamba anachoandikiwa hakisomwi njiani. Nitaijenga hoja hii kwa mfano wa Tanzania, nikianza na namna barua zilivyosafiri kabla ya posta, kisha kanuni za huduma ya posta, ushahidi wa msamiati na sarufi ya Kiswahili, nafasi ya posta katika maisha ya lugha yetu, na hatimaye hali ilivyo sasa.

2.0 Barua Kabla ya Posta

Ifahamike kwanza kuwa Waswahili waliandikiana barua muda mrefu kabla ya kuwapo kwa ofisi yoyote ya posta katika pwani yao. Barua za Kiswahili zinazotajwa mara nyingi kuwa za kale zaidi miongoni mwa zilizosalia ni zile zilizoandikwa katika eneo la Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa, nchini India. Mwaka 1892 Carl Büttner alichapisha huko Ujerumani mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati hizohizo, zikiwamo barua nyingi. Utanzu wa barua, pamoja na salamu zake ndefu na kanuni zake za adabu, ulikuwa umekwisha kukomaa.

Je, barua hizo zilifikaje? Zilipelekwa na nahodha wa jahazi, na mfanyabiashara aliyefuatana na msafara, na jamaa aliyekuwa akisafiri, au na tarishi, yaani mjumbe aliyetumwa mahususi kwa kazi hiyo. Njia hizi zilikuwa na sifa tatu. Kwanza, zilitegemea kujuana: asiyekuwa na jamaa wala rafiki aendaye upande ule hakuwa na wa kumpa barua yake. Pili, zilitegemea uwezo: tarishi alikuwa wa liwali, wa jumbe au wa tajiri. Tatu, zilitegemea majira: barua ya kwenda ng'ambo ilisubiri pepo za kusi au za kaskazi kama ilivyosubiri shehena. Methali isemayo mjumbe hauawi inatuonyesha heshima aliyopewa mbeba habari. Haituambii kwamba kila mtu alikuwa na mjumbe.

Posta rasmi ilipokuja haikuja kumtafuta mtu huyo asiyekuwa na mjumbe. Ofisi ya posta iliyofunguliwa Unguja katika miaka ya 1870 ilikuwa chini ya utawala wa posta wa India ya Waingereza, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhudumia wafanyabiashara na mabalozi. Mwaka 1890 Wajerumani walifungua ofisi za posta Bagamoyo na Dar es Salaam ili kuunganisha utawala wao mpya na Ulaya. Ni vyema tulikumbuke jambo hili. Posta haikuzaliwa ikiwa huduma ya umma; ilifanywa kuwa hivyo kwa uamuzi wa watu, na kilichofanywa kwa uamuzi kinaweza pia kuachwa kwa uamuzi, au kwa kusahau.

3.0 Kanuni za Huduma ya Posta kwa Umma

Uamuzi huo una historia yake. Kabla ya mwaka 1840, nchini Uingereza, gharama ya barua ilikokotolewa kwa umbali na kwa idadi ya kurasa, na mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji. Maskini aliweza kuikataa barua ya mwanawe kwa kukosa nauli yake. Rowland Hill alionyesha kwamba gharama kubwa haikuwa katika kuisafirisha barua moja, bali katika kuipokea, kuiandikisha, kuikadiria na kumdai mpokeaji. Alipendekeza bei moja kwa nchi nzima, itozwe kwa uzito na ilipwe mapema na mtumaji. Stempu ya kubandika iliyoanza kutumika mwaka 1840 ni matokeo ya pendekezo hilo. Kwa hiyo stempu ni zaidi ya risiti: ni tamko kwamba umbali wa mtu haumwongezei bei.

Mwaka 1874 mataifa yaliyokutana Bern, Uswisi, yalianzisha Umoja wa Posta Duniani kwa msingi kwamba nchi wanachama zihesabiwe kuwa eneo moja la posta katika kupelekeana barua. Mwaka 1999 mkutano mkuu wa Umoja huo uliofanyika Beijing uliweka bayana katika mkataba wake kuwa watu wana haki ya kupata huduma za msingi za posta zenye ubora, za kudumu, mahali pote katika nchi, kwa bei wanayoimudu. Hali kadhalika, chini ya taratibu za Umoja huo, vitabu na maandishi ya wasioona husamehewa ada ya posta. Msamaha huo hauelezeki kwa hesabu za biashara; unaeleweka tu iwapo posta inaonekana kuwa ni utumishi.

Tunaweza basi kutaja kanuni tatu: usawa wa bei, ueneo wa huduma, na siri ya barua. Kanuni ya tatu ina mizizi hata katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ambayo katika Ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake ya binafsi. Kanuni mbili za kwanza hutekelezwa kwa utaratibu wa kufidiana. Barua itokayo Kariakoo kwenda Upanga ni rahisi kuifikisha. Itokayo Kariakoo kwenda Ngara ni ghali. Zikibandikwa stempu ya thamani moja, ya kwanza inaisaidia ya pili. Ndiyo maana katika nchi nyingi posta ya taifa ilipewa haki ya pekee ya kubeba barua: bila haki hiyo, kampuni nyingine ingechukua barua za mjini na kuiachia posta za Ngara.

Katika Tanzania muundo wa kitaasisi umebadilika mara kadhaa. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, liliundwa Shirika la Posta na Simu Tanzania. Mwaka 1994 shirika hilo liligawanywa: posta ikawa na shirika lake, simu ikawa na kampuni yake, na usimamizi ukapewa tume, ambayo kazi zake zilirithiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Benki ya Posta nayo ilikuwa imekwisha kutenganishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu mwaka 2021 inaitwa Benki ya Biashara Tanzania. Sina nia ya kuhukumu mabadiliko hayo. Ninachotaka tukione ni kwamba ndani ya shirika moja mapato ya simu yangeweza kufidia hasara ya barua, na baada ya mgawanyo mlango huo ulifungwa, ilhali wajibu wa kuifikia Ngara haukupungua.

4.0 Ushahidi wa Lugha

4.1 Ukoo wa kitenzi tuma

Tugeukie sasa lugha. Mzizi -tum- umezaa ukoo mpana. Kutokana na tuma tunapata mtume, yaani aliyetumwa, na tume, yaani kikundi kilichotumwa kufanya kazi maalumu. Tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata tumia, chenye maana mbili ambazo mwanafunzi wa kigeni huziona ngeni: kumpelekea mtu kitu, na kukifanyia kitu kazi. Tukiongeza kiambishi cha kutendeka tunapata tumika, ambacho katika matumizi ya muda mrefu kina maana ya kuwa kazini chini ya mtu au taasisi, na kutokana nacho tumikia. Nomino yake ni mtumishi, ambamo /k/ imegeuka kuwa /ʃ/ mbele ya kiambishi cha mtendaji -i, kama pika inavyotoa mpishi na andika inavyotoa mwandishi. Kutokana na mtumishi tunapata utumishi, na hatimaye utumishi wa umma.

Kwa mantiki hii, katika Kiswahili mtumishi wa umma ni mtu anayetumwa na umma. Haimaanishi kwamba kila msemaji hufikiri etimolojia anapotamka neno. Mwanaisimu yeyote anajua kuwa maana ya leo haifungwi na asili ya neno. Lakini uhusiano huu bado uko wazi kwa msemaji wa kawaida, na unatusaidia kutenganisha utumishi na huduma. Neno huduma, lenye asili ya Kiarabu, linaelekea upande wa anachopokea mtu: huduma hutolewa, huduma hulipiwa, huduma husitishwa. Utumishi unaelekea upande wa aliyemtuma mtendaji. Tukisema posta inatoa huduma, twaweza kuuliza kama inalipa. Tukisema posta ni utumishi, swali la kwanza ni nani aliyeituma, na kumfikia nani.

4.2 Wote na kila

Istilahi inayotumiwa kwa wajibu tunaoujadili ni huduma kwa wote, na tunaiona pia katika jina la Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2006. Ni istilahi fupi na nzuri. Hata hivyo, ina utata wa kisemantiki unaostahili kuangaliwa. Linganisha sentensi hizi mbili:

(1) Watu wote walibeba jiwe.
(2) Kila mtu alibeba jiwe.

Sentensi (1) inaweza kuwa kweli hata kama jiwe lilikuwa moja, likabebwa kwa pamoja. Sentensi (2), kwa fasiri yake ya kawaida, inamtaka kila mmoja awe amebeba. Kiishio -ote kinaruhusu maana ya jumla na ya mgawanyo. Kila kinaelekea kwenye mgawanyo. Tofauti hii ikiletwa katika posta ina uzito. Wilaya yenye ofisi moja ya posta makao makuu imepata huduma kwa wote katika maana ya jumla: ofisi ipo, na hakuna aliyekatazwa kuingia. Lakini mkulima aliye mwendo wa siku nzima kutoka ofisi hiyo hakuhesabiwa. Huduma kwa kila mtu ingemhesabu.

Tofauti kama hiyo ipo baina ya pote na popote. Pote hutaja eneo likiwa zima. Popote hutaja sehemu yoyote utakayoichagua, hata ile usiyoitarajia. Mtunga sheria akiandika kwamba huduma itapatikana pote nchini, ameahidi ramani. Akiandika kwamba mtu atafikiwa popote alipo, ameahidi safari. Sidai kwamba sheria zetu zimekosea. Nadai kwamba anayezitafsiri kutoka Kiingereza, ambaye mara nyingi ni mhitimu wa idara zetu, anapochagua kati ya maneno haya anachagua pia ukubwa wa wajibu.

4.3 Anwani na sanduku

Neno la tatu ni anwani. Limetoka katika Kiarabu, na kama lilivyo katika lugha hiyo lina maana mbili: mahali pa kumpata mtu, na jina la kitabu au makala. Katika nchi yetu anwani kwa miongo mingi ilikuwa sanduku. Barua haikuletwa nyumbani. Ilikomea katika ukuta wa masanduku ya posta, na aliyelipia sanduku alikwenda kulifungua kwa ufunguo wake. Kifupisho S.L.P. ni miongoni mwa vifupisho vya kwanza anavyojifunza mtoto wa shule ya msingi anapofundishwa kuandika barua rasmi. Mtoto ambaye kwao hakuna sanduku aliandika lile la shule. Watu wazima waliazima la kanisa, la msikiti, la ofisi ya kijiji au la mwajiri.

Uazimaji huo ulikuwa ukarimu mkubwa, lakini kwa upande wa wajibu wa posta ulikuwa pengo. Utumishi ulifika mpaka ukutani, na safari iliyobaki ikaendeshwa tena kwa kujuana: mwalimu alimpa mwanafunzi, mwanafunzi akampa jirani, jirani akampa mwenyewe. Kwa sehemu hiyo ya njia tulibaki katika zama za nahodha na jahazi. Siri ya barua, iliyolindwa na sheria hadi kwenye sanduku, baada ya hapo ililindwa na uaminifu wa watu tu.

5.0 Posta na Maisha ya Kiswahili

Pamoja na pengo hilo, posta ilijenga sehemu kubwa ya maisha ya Kiswahili cha maandishi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea barua na mashairi ya wasomaji kutoka pande nyingi za Tanganyika, na malumbano ya washairi yaliendeshwa kwa posta baina ya watu ambao huenda hawakuonana kamwe. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika vituo kama Pangani, Mpwapwa na Tanga, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kwa zaidi ya robo karne. Barua hizo, za kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Bila barua hizo kufika, tungekuwa na vitabu vya mshairi huyo lakini tusingemsikia akizungumza na nduguye.

Aidha, tukumbuke elimu kwa njia ya posta, iliyopewa nguvu katika miaka ya 1970 sambamba na kampeni za elimu ya watu wazima. Mwalimu aliye kijijini, karani na askari waliletewa masomo, wakafanya mazoezi na kuyarudisha yasahihishwe. Tukumbuke pia kadi za salamu, ambazo wasikilizaji walizituma redioni ili majina ya ndugu na marafiki yasomwe hewani. Katika mifano yote hii aliye mbali na mji mkuu alishiriki kwa bei ya stempu ileile aliyoilipa aliye karibu. Usawa wa bei ulikuwa, kwa namna hiyo, sera ya lugha ambayo hakuna aliyeiita sera ya lugha.

6.0 Hali ya Sasa

Leo mengi kati ya hayo yamehamia kwenye simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na hawala ya posta ikapoteza nafasi yake. Kitenzi tumia chenyewe kinashuhudia: mtu akisema leo nitumie, bila kutaja yambwa, wengi wataelewa fedha. Vifurushi husafiri kwa mabasi ya mikoani, na nyaraka za haraka hubebwa na kampuni binafsi. Kwa hiyo wapo wanaouliza, na swali lao ni la haki: ikiwa karibu kila mtu anafikika kwa simu, kwa nini taifa liendelee kugharimia posta?

Majibu yangu ni matatu. Kwanza, si kila kitu hugeuka kuwa ujumbe wa simu. Kitabu, dawa, hati halisi yenye mhuri, na bidhaa ya fundi wa Makonde iliyonunuliwa na mtu wa nchi ya mbali ni vitu vyenye uzito, na lazima mtu avibebe. Pili, namba ya simu ni bidhaa ya mkataba. Isipotumika kwa muda hufungwa, na hatimaye hupewa mtu mwingine. Mtu aliyekosa fedha za kuihuisha anatoweka, naye huenda ndiye aliyekuwa akisubiri wito wa mahakama au taarifa ya mirathi. Tatu, basi na kampuni binafsi huenda kunakolipa. Hilo si kosa lao. Hakuna aliyewatuma kwenda kusikolipa. Lakini lazima awepo aliyetumwa.

Wakati huohuo limetokea jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko kupungua kwa barua. Mwaka 2022 Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, ikayapa majina barabara na mitaa na kuzipa namba nyumba, sambamba na mfumo wa postikodi zenye tarakimu tano. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 61,741,120. Kwa mara ya kwanza anwani imehama kutoka ukutani kwenye ofisi ya posta ikaenda mlangoni kwa mtu. Asiyewahi kuwa na sanduku sasa anaweza kuwa na anwani isiyo ya kuazima.

Hata hivyo, kibao cha namba juu ya mlango hakimfikishii mtu chochote. Kinaeleza tu kwamba anaweza kufikiwa. Iwapo wajibu wa posta utaendelea kuelezwa kwa kuhesabu ofisi na masanduku, anwani hizo zitatumiwa zaidi na watoza kodi, na na wauzaji wanaojua mteja wao anakaa wapi. Iwapo wajibu huo utaelezwa kwa kila na kwa popote, anwani hizo zitakuwa njia ambayo posta imetumwa kuipita. Hapa ndipo neno mteja linapotakiwa kupimwa. Mteja ni yule anayelipa. Asiyelipa si mteja. Mwananchi ni mwananchi hata siku asipokuwa na cha kulipa, na ni kwake posta ilitumwa.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kabla ya posta barua ilisafiri kwa kujuana, kwa uwezo na kwa majira. Kwamba huduma ya posta kwa umma ilivunja vikwazo hivyo kwa kanuni za usawa wa bei, ueneo na siri. Kwamba Kiswahili kimeweka kutuma na kutumikia katika ukoo mmoja. Na kwamba tofauti ndogo za sarufi, kama ile ya wote na kila, hubeba tofauti kubwa za haki. Jibu la swali tuliloanza nalo ni kwamba wajibu wa posta haupungui kwa kupungua kwa barua. Unapimwa kwa idadi ya watu wasiofikika, si kwa idadi ya bahasha.

Kwa wanafunzi nina ombi la kitaaluma. Zichukueni sheria na kanuni zetu za mawasiliano, za Kiswahili na za Kiingereza, mzisome mkiwa na kalamu mkononi. Andikeni kila mahali palipoandikwa wote, kila, pote na popote, na mtazame kama tafsiri imepunguza ahadi. Ni utafiti usiohitaji fedha nyingi, na matokeo yake yatawafaa watunga sheria kuliko orodha nyingine ya istilahi.

Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Nusu hiyo ni haki ya yule wa Ngara kama ilivyo ya yule wa Upanga.